Kabla ya kuandika programu, kaa kando ya daftari
Mwanafunzi anayeandaa mfumo wa duka la dawa kwa ajili ya mradi wake wa mwisho asitosheke na kumuuliza mwenye duka anataka nini, bali aombe kukaa nyuma ya kaunta siku nzima akitazama daftari linavyojazwa, kwani huko ndiko atakakoliona deni lililoandikwa pembeni kwa penseli, ambalo aghalabu halitajwi katika mahojiano. Matumizi halisi hufichua yale yasiyosemwa: M-Pesa ilipojaribiwa nchini Kenya mwaka 2005, ilikusudiwa kurahisisha urejeshaji wa mikopo midogo. Watumiaji wakaigeuza kuwa njia ya kutumiana fedha, na huduma iliyozinduliwa mwaka 2007 ikafuata matumizi hayo. Ratiba ya mradi itenge muda wa utazamaji huo wa dukani, hata kama msimamizi atanung'unika.