Somo: Kupima chumvi ya maji ya kisima kwa mita ya EC na TDS

Mita ya mfukoni haihesabu chumvi. Inapitisha umeme kidogo kati ya pini zake na kupima maji yanaupitisha kiasi gani. Hiyo ndiyo EC, kwa maikrosimensi kwa sentimita (µS/cm). TDS (makadirio ya chumvi zilizoyeyuka, kwa miligramu kwa lita) inayoonekana kwenye kioo ni EC iliyozidishwa kwa 0.5, 0.64 au 0.7, kutegemea mtengenezaji. Kwenye daftari andika EC.

Kurekebisha mita

1. Suuza pini kwa maji ya betri, yale ya kuongezea. Maji makali ni asidi, usiyaguse. Kung'uta mita.
2. Mimina dawa ya kurekebishia, yaani maji ya chumvi yenye EC inayojulikana ya 1413 µS/cm, kwenye kikombe kisafi, zamisha pini bila kuvuka mstari wa mwisho, bila kugusa kitako wala ubavu. Gonga taratibu viputo vitoke. Kiputo kikikaa kati ya pini, namba inashuka.
3. Namba ikitulia, ilete 1413. Hiyo ni kwa nyuzi 25. Mita isiyojirekebisha kwa joto hukosea takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi moja. Dawa iliyotumika imwage, usiirudishe chupani.

Dawa unaweza kuitengeneza: gramu 7.46 za kloridi ya potasiamu kavu, ongeza maji ya betri hadi lita 1. Chukua mililita 100 za mchanganyiko huo, ongeza tena hadi lita 1. Ukipima gramu 0.746 moja kwa moja, mizani ya kawaida itakudanganya.

Kupima

Endesha pampu dakika 5 hadi 10, maji yaliyolala kwenye bomba yaishe. Suuza kikombe mara tatu kwa maji hayohayo, zamisha, koroga kidogo, subiri. Angalia alama ya x10: 185 yenye x10 ni 1850. Wengi hapa ndipo wanapotangaza maji matamu kumbe ni ya chumvi.

Ukimaliza, suuza, kausha, funika. Pini zikiwa na ukoko mweupe, loweka kwenye siki dakika 10 na urekebishe upya.

Maswali

*Mita yangu inasoma TDS 500, ya jirani 700, maji ni yaleyale. Ipi mbovu?*
Huenda hakuna. Yako inazidisha kwa 0.5, yake kwa 0.7, EC zote ni 1000. Linganisheni EC.

*Nimechemsha maji, TDS imepanda!*
Mvuke umeondoka, chumvi imebaki kwenye maji machache. Maji yakiwa na chokaa nyingi, TDS inaweza hata kushuka, maana chokaa hugandia sufuria.

*Mkuu, kisima changu kipo Arusha, TDS 250. Ninywe?*
Kwa ladha ni mazuri. Shirika la Afya Duniani linahesabu TDS chini ya 600 kuwa nzuri. Lakini mita haitofautishi floraidi, tatizo linalojulikana huko, na kikomo chake cha miligramu 1.5 kwa lita hakionekani ndani ya 250. Vijidudu nao haiwaoni. Peleka sampuli maabara ya maji, uombe floraidi na vijidudu kwa majina.