Somo: Kuizunguka Mallorca, kisiwa cha Hispania, kwa tanga ndani ya wiki moja

Mzunguko ni kama maili 165 za baharini. Kwa mwendo wa noti 5 hizo ni saa 33 za kusafiri, kwa hiyo wiki inatosha. Kinachovuruga ratiba ni pwani ya kaskazini-magharibi, chini ya milima ya Tramuntana. Kutoka Andratx hadi ghuba ya Pollença kimbilio la kweli ni moja tu, Sóller, na upepo wa kaskazini ukikaza, kuingia pale ni hatari. Panga pwani hiyo kwanza. Siku nyingine zitajipanga.

1. Soma utabiri wa AEMET, idara ya hali ya hewa ya Hispania, kabla hujatoka Palma. Kukiwa shwari, anza magharibi: Andratx (maili 17), Sóller (20), Pollença (30), Cala Ratjada (25), Porto Colom (20), Cabrera (25), Palma (28). Ukitangazwa upepo wa kaskazini, geuza: anza Cabrera, kisiwa kidogo kusini, kisha ufuate pwani ya mashariki kwenda kaskazini, Mallorca ikukinge. Ukifika Pollença na bahari bado imechafuka, rudi ulikotoka. Vyombo vingi vya kukodi hudaiwa bandarini Ijumaa jioni, na mzunguko usiotimia si aibu.

2. Omba kibali cha Cabrera mapema, mtandaoni. Ni hifadhi ya taifa tangu 1991. Hulali kwa nanga. Unafunga kwenye boya, na rangi ya boya hutegemea urefu wa chombo.

3. Nanga. Hapa ndipo wengi huharibu. Tangu 2018 ni marufuku kutia nanga juu ya posidonia, majani ya baharini, na hata bila sheria nanga huteleza juu yake. Doa jeusi ni majani. Samawati nyeupe ni mchanga. Kina kikiwa mita 7, ongeza mita 1 ya kimo cha omo (mbele ya chombo) juu ya maji, zidisha kwa 5: mita 40 za mnyororo. Rudi nyuma polepole mpaka mnyororo ukaze, kisha ongeza nguvu ya mashine kidogo kidogo. Vaa miwani uzame ukaangalie. Ncha ya nanga ikiwa imelala juu ya mchanga badala ya kuzama ndani, ng'oa urudie, hata kama chakula kimeiva.

4. Maji. Tanki la lita 350, watu 6, lita 15 kila mmoja kwa siku: siku ya nne limekauka. Jaza Pollença. Ya kunywa nunua lita 100, kando.

5. Punguza tanga kuu upepo ukifika noti 16 hadi 18. Kabla ya rasi ya Formentor punguza mapema, maana upepo hushuka majabalini kwa vishindo.

Maswali ya wanachama

Swali: Nahodha, maji kujaa na kupwa yanahesabiwaje huko?
Jibu: Karibu hayahesabiki, ni sentimita chache. Usitarajie bamvua ya Zanzibar ya karibu mita 4. Ndiyo maana ukipanda mwamba, usingoje maji yajae yakunasue.

Swali: Gatini tunafunga tezi, nyuma ya chombo, kwanza. Kamba ya omo inatoka wapi?
Jibu: Iko chini ya maji, imefungwa kwenye zege, wenyeji huiita muerto, yaani maiti. Funga kamba ya tezi upande upepo unakotoka, okota kamba nyembamba gatini kwa upondo, itembeze hadi omo, vuta ile nene, kaza. Kabla ya kuiinua toa gia. Pangaboi likizunguka litaimeza, na kuikata ni kazi ya mzamiaji.

Swali: Siku ya kurudi kutoka Cabrera upepo ukikosekana asubuhi, tuwashe mashine?
Jibu: Kiangazi, ngojeni kidogo. Embat, upepo wa baharini wa ghuba ya Palma, huamka mchana kutoka kusini-magharibi. Ninyi mnaelekea kaskazini-magharibi, utawapiga ubavuni. Upepo ukiwa haujafika saa nane mchana, washeni. Foleni ya mafuta Ijumaa ni ndefu.