Namna ya kutumia neno "haielekei"

"Haielekei" ni ukanushi wa "inaelekea" au "yaelekea", na asili yake ni kitenzi "elekea", yaani kushika njia ya upande fulani. Msafiri huelekea Tanga. Jambo nalo huelekea kutokea pale dalili zake zinapoonyesha upande huo. Kwa hiyo anayesema "haielekei" hadai kwamba jambo haliwezekani, bali kwamba kwa dalili zilizopo halitazamiwi. Likiwa haliwezekani kabisa, neno lake ni "muhali".

Lisichanganywe na "nadra", kosa ambalo hata waandishi wazoefu hulifanya. "Ni nadra mvua kunyesha Dodoma mwezi wa Agosti" ni kauli kuhusu desturi ya majira, na anaweza kuitoa hata mtu aliye mbali na Dodoma. "Haielekei kwamba mvua itanyesha leo" ni maoni ya mtu aliyekwisha kutazama mawingu.

Kwa kawaida neno hili hufuatwa na "kwamba" au "kuwa", kisha kitenzi kamili. Laweza pia kupatana na kiima chake: "Maelezo haya hayaelekei kuwa ya kweli." Kiima kikiwa mtu, uangalifu unahitajika, maana "Juma haelekei shuleni" husema tu kwamba njia aliyoishika Juma si ya shule.

Jambo linalostahili kupimwa zaidi ni mahali pa kuweka ukanushi. "Inaelekea Asha hatakuja" humwambia msikilizaji ajiandae kumkosa Asha. "Haielekei kwamba Asha atakuja" ni laini zaidi, kwani msemaji anatilia shaka kuja kwake bila kutangaza kutokuja. Ukikanusha pande zote mbili, "Haielekei kwamba Asha hatakuja", maana hugeuka, na Asha anatazamiwa kuja. Msemaji asiyeegemea upande wowote aseme "Huenda asije." Wengi husema "Huenda hatakuja", na hueleweka, ila kwa maandishi rasmi napendelea "asije".

Kwa kuwa neno lenyewe limesimama juu ya dalili, ni vyema dalili hiyo itajwe papo hapo: "Haielekei kwamba jahazi litang'oa nanga leo, kwa kuwa bahari imechafuka tangu alfajiri." Bila sababu hiyo, msomaji hana njia ya kujua kama mwandishi amepima jambo au anabahatisha.