Kumpa mama nafasi yake katika hadithi ya Sungura

Usiandike hadithi mpya. Chukua ile ambayo watoto wa Kadutu au Kabare, huku kwetu Kivu Kusini, wanaijua tayari, tafuta pale inapogeuka, halafu ujuzi unaoigeuza uutie mikononi mwa mama. Kumwongezea sifa mwishoni hakusaidii kitu.

Tuseme Sungura anaiba mihogo na baba anamtegea mtego. Ondoa mtego, weka pipa la maji. Mama amemenya mihogo michungu na kuiloweka ili sumu yake itoke. Siku ya pili anautoa mmoja, anaubonyeza kwa kidole gumba: nje umelegea, katikati mgumu. Watoto wanauliza, "Imelainika?" Anajibu, "Bado!" Usiku huo Sungura anabeba baadhi ya mihogo hiyo, anaipika upesi, anakula. Asubuhi anatapika na kizunguzungu kimemshika, kijiji kizima kinamjua mwizi ni nani. Wasikilizaji waitikie hiyo "Bado!" pamoja nawe, ndiyo itakayobaki vichwani mwao.

Kabla ya kusimulia, kaa na mama anayeifanya kazi hiyo, mikono yake ikiwa kazini. Usimuulize nafasi ya mwanamke ni ipi. Muulize anajuaje kwamba mihogo iko tayari. Atakuonyesha: unalainika hadi ndani, na ule uzi wa katikati unachomoka wenyewe. Kwa kawaida ni siku 3 au 4, na kwenye baridi ya milima yetu zinaweza kuzidi, kwa sababu mihogo huchachuka polepole. Ukikosea hapo, kila mama aliyekaa mbele yako ataacha kukuamini.

Usimpooze Sungura miguu kwa mlo mmoja. Konzo, ugonjwa wa kupooza miguu, huja kwa kula mihogo ambayo sumu yake haijatoka vizuri kwa wiki nyingi, chakula chenye protini kama maharage kikiwa haba.

Usimfanye baba mjinga pia, wanaume watafunga masikio. Mpe kazi ya kuchota maji. Na huyo mama asiwe mtu asiyechoka: achelewe shambani, akatae kumuuzia jirani miti ya mihogo aliyoiweka kwa kupanda Septemba, agombane kidogo. Mama asiyekosea hana hadithi.

Dakika 10 zinatosha. Fungua kwa maneno ya wazee wa nyumba hiyo, si "paukwa pakawa" ya pwani. Malizia siku ya nne, mama anapouchomoa ule uzi na kusema, "Sasa." Kisha nyamaza, watoto waulize wenyewe.