Namna ya kuandika hadithi ya mauaji ya zamani kwenye theluji ukiwa umekaa Dodoma

Wadau wa simulizi, kuna watu kama wanne hivi wameniuliza kwa nyakati tofauti swali lile lile, kwamba mtu anaishi Nkuhungu au Bahi, theluji hajawahi kuikanyaga, anawezaje kuandika hadithi ya mauaji ya miaka ya 1890 huko porini kwenye baridi ya kutisha na msomaji akaiamini. Anaweza, tena vizuri tu, ila aache kuanza na muuaji. Anza na theluji yenyewe. Ilianguka siku gani, ikakata siku gani, upepo ulivuma usiku upi. Ukishapata kalenda ya theluji ndo unaleta maiti wako unamlaza juu yake, kwa sababu maiti akiwa amelala juu ya theluji ya Jumatatu na amefunikwa na theluji ya Alhamisi basi msomaji tayari ana siku tatu za kuwashuku watu, na wewe hujaandika hata neno moja la mpelelezi.

Na hili sisi wa huku tunalielewa kuliko tunavyodhani. Babu yangu mzaa mama alikuwa anaitwa kufuata ng'ombe walioibiwa, anainama kwenye kwato anaangalia kama umande umeanguka juu ya alama au alama imekanyaga umande, halafu anakwambia hawa wamepita kabla jogoo hajawika, na wanaume wanaondoka kwa kasi kulingana na neno lake. Huo ni upelelezi kamili. Theluji ni vumbi la Bahi lenye kumbukumbu ndefu zaidi, tofauti ni kwamba vumbi upepo ukija mara moja limefutika, theluji inaweka tabaka juu ya tabaka na ya chini inabaki na siri yake miezi. Halafu kuna jambo moja linapendeza sana kwenye hadithi, ukikanyaga theluji laini unaishindilia, inakuwa ngumu, upepo ukija unabeba ile laini ya pembeni na nyayo zinabaki zimesimama juu kama vinundu. Yaani mpelelezi anakuta nyayo zimeinuka badala ya kuzama. Tumia hiyo, Waswahili wengi hawajawahi kuisoma.

Kama unataka kuona kalenda ya theluji ikifanya kazi kwenye maisha ya kweli, soma habari za mauaji ya Krismasi ya 1899 huko Yukon, Kanada, kipindi cha kukimbilia dhahabu ya Klondike. Watu watatu, Clayson, Relfe na Olsen, waliondoka Minto siku ya Krismasi wakifuata njia ya mto ulioganda na hawakuonekana tena. Maiti hakuna, kelele hakuna, na theluji mpya inaendelea kuanguka juu ya kila kitu. Polisi mmoja anaitwa Pennycuick pamoja na mpelelezi wa kujitegemea, Maguire, wakaenda kuondoa theluji ya juu taratibu mpaka wakafika kwenye ile ya Desemba, na huko chini wakakuta damu imeganda, maganda ya risasi, kipande cha jino. Kulikuwa na miti imekatwa kwa shoka lenye mapengo kwenye makali, na mapengo yale yakalingana na shoka la mtu anaitwa George O'Brien. Hata mbwa wake alitoa ushahidi, walimpeleka kwenye ile njia wakamwambia nenda nyumbani, akawaongoza mpaka kambini. Maiti wenyewe waliibuka mtoni barafu ilipovunjika mwaka 1900, na O'Brien akanyongwa mji wa Dawson, huko huko Yukon, mwaka 1901. Mimi nikisoma kesi hii huwa nawafikiria wale watatu walioondoka na sikukuu, na ndo maana nasisitiza marehemu wako apewe jina, apewe mtu anayemsubiri nyumbani, asiwe kifurushi tu cha kuanzishia hadithi.

Sasa baridi. Kosa ninaloliona kwa wengi ni kuchukua ule upepo wetu wa Juni na Julai halafu kuuzidisha mara tatu. Haiendi hivyo, baridi ile ni kitu cha aina nyingine kabisa. Huko Yukon mfanyabiashara Jack McQuesten alikuwa anapima baridi kwa chupa alizopanga nje, moja ina zebaki, nyingine mafuta ya taa, nyingine dawa ya maumivu, anaangalia ipi imeganda. Zebaki inaganda karibu nyuzi 39 chini ya sifuri. Kwenye baridi hiyo ukishika chuma kwa mkono mtupu ngozi inabaki pale, mafuta ya bunduki yanakuwa mazito na bunduki inaweza ikagoma, pumzi inaganda kwenye ndevu na kope. Mwezi wa 12 Dawson wanapata mwanga wa jua kwa muda wa kama saa nne tu kwa siku, kwa hiyo shahidi wako akisema alimuona fulani saa kumi na moja jioni muulize alimuona kwa taa gani.

Mwili wa marehemu nao una mambo yake. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 mtu anaanza kuchanganyikiwa, na wengine wakikaribia kufa wanasikia joto la uongo wanavua nguo zote, wengine wanajisokomeza kwenye kona au chini ya kitu kama mnyama. Unaona hapo? Mtu amekutwa uchi, nguo zimetapakaa, kijiji kizima kinasema amebakwa au ameporwa, kumbe baridi. Na kinyume chake, muuaji mjanja anaweza kumvua nguo mtu aliyemuua ili ionekane ni baridi. Mimi ningeijenga hadithi nzima hapo. Pia maiti aliyeganda haozi, kwa hiyo daktari wa zamani hawezi kusema amekufa juzi au mwezi uliopita, na kaburi halichimbiki mpaka muwashe moto juu ya ardhi iyeyuke, maana yake marehemu anaweza kukaa kwenye banda la kuni, jirani na watu wanaokula chakula, akisubiri masika yao. Wanaoishi naye wanapita hapo kila siku kuchukua kuni, na mmoja wao ndiye aliyemuua.

Mwaka chagua kwa makini. Kipimo cha kutofautisha damu ya mtu na ya mnyama kimekuja 1901 Ujerumani, na mwaka huo huo ndo polisi wa London wakaanzisha ofisi ya alama za vidole. Ukiandika 1899 mshukiwa anasema hii damu kwenye koti ni ya mnyama niliyewinda, na hakuna mtu duniani wa kumpinga kwa kipimo, mpelelezi atabaki na macho, na maswali, na subira. Ndo raha yake.

Sababu ya kuua usikimbilie dhahabu. Polisi wa mpakani walikuwa hawakuruhusu kuingia Yukon bila chakula cha kukutosha mwaka mzima, mzigo wa karibu tani moja ukijumlisha na vifaa, sasa fikiria mtu gunia lake la unga limelowa mwezi wa 11 na jirani ana magunia manne. Wazee wa Ugogo bado wanaitaja Mtunya, ile njaa ya kuanzia 1917, kaa nao, wasikilize walivyosikia kwa waliowazaa, watu walifanya nini kwa ajili ya debe la mtama na nani alimficha nani chakula. Hofu ya aina hiyo ndiyo ya kumpa mhusika wako, hata kama yeye amevaa manyoya na yuko Kanada.

Basi chukua daftari, chora mistari 30, kila mmoja ni siku. Andika theluji ilipoanguka, upepo ulipovuma, mbwa walipobweka usiku. Halafu tafuta siku ambayo kila mtu kambini alidhani theluji itaanguka na haikuanguka. Muuaji ametoka usiku huo.