Somo: Kumwona daktari wa mishipa ya fahamu unapohofia MS

Habari zenu wanakikundi. Wengi mmeomba somo hili, basi nalitoa kwa macho ya muuguzi. Dozi na majina ya ugonjwa wako muulize daktari wako.

MS, yaani maltipo sklerosisi, ni hali ambayo kinga ya mwili inashambulia mayelini, utando unaofunika nyuzi za fahamu kwenye ubongo, mishipa ya macho na uti wa mgongo. Huanza zaidi kati ya miaka 20 na 40, na wanawake huupata zaidi kuliko wanaume. Kwetu Tanzania hauonekani kwa wingi kama Ulaya, kwa hiyo usishangae daktari akianza kutafuta magonjwa mengine kwanza. Anafanya kazi yake.

Hatua ya 1: Haya hayasubiri kliniki

Miguu yote miwili ikilegea, mkojo ukigoma kutoka, jicho likififia ndani ya siku chache, au uso ukipinda ghafla: nenda dharura leo leo.

Hatua ya 2: Andika historia yako kwa tarehe

Hapa ndipo penye kazi, na ni kazi yako wewe. Hakuna mashine itakayomwambia daktari jicho lako liliuma mwezi gani. Anachotafuta ni mambo mawili: dalili zimegusa sehemu tofauti za mfumo wa fahamu, na zimekuja nyakati tofauti. Shambulio la kweli hudumu zaidi ya saa 24, mara nyingi siku au wiki kadhaa, kisha hupungua. Ganzi ya dakika mbili baada ya kukalia mguu haimo.

Chukua daftari. Kila tukio liandike: lilianza lini, upande gani, lilizidi kwa siku ngapi, liliisha lote au liliacha kasoro. Tarehe imepotea? Shika kitu cha karibu: Ramadhani, mtihani wa mtoto, msimu wa mavuno. Yaandike hata yale yaliyoisha yenyewe ukayasahau: jicho moja lililouma ukiligeuza na rangi nyekundu ikaonekana imechuja, ganzi iliyopanda kutoka nyayo hadi kiunoni, kubanwa kifuani kama umefungwa mkanda, shoti inayoshuka mgongoni ukiinamisha shingo, mkojo usiozuilika. Mambo ya mkojo na ya chumbani watu huyaficha, wakati ndiyo yanayomwonyesha daktari kwamba uti wa mgongo umeguswa. Ukiona aibu mbele ya shemeji aliyekusindikiza, yaandike kwenye karatasi umpe daktari.

Orodhesha na dawa zote, mitishamba ikiwemo. Sindano ya vitamini B12 uliyochomwa juzi duka la dawa inaweza kuficha upungufu wa vitamini hiyo, ambao nao daktari huutafuta.

Hatua ya 3: Rufaa iende kwa mtu sahihi

Anza hospitali ya wilaya au mkoa, upate barua ya rufaa. Mabingwa wa mishipa ya fahamu Tanzania ni wachache na wengi wako Dar es Salaam. Aliye mbali apitie kwanza bingwa wa magonjwa ya ndani hospitali ya kanda: Bugando Mwanza, KCMC Moshi, au Rufaa Mbeya. Angalia usiandikiwe kwa daktari wa upasuaji wa ubongo. Huyo hushughulika na uvimbe, ajali na mgongo wa kufanyiwa operesheni. Mwenye bima aulize mapema dirishani kama MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, inahitaji kibali.

Hatua ya 4: Chumbani kwa daktari

Vaa nguo inayopanda juu ya magoti na viatu vya kuvua upesi. Atakugonga kwa nyundo ya mpira, atakukwaruza nyayo, ataweka chuma kinachotetema kwenye kidole gumba cha mguu, atamulika jicho moja kisha la pili, atakutembeza kisigino mbele ya vidole. Usijikaze kumwonyesha kwamba uko imara.

Usiingie na hukumu ya "nina MS" mdomoni. Simulia kilichotokea.

Hatua ya 5: Vipimo

Damu huja mapema: VVU, kaswende, B12, na mara nyingine kingamwili ya akwaporini-4. Hii ya mwisho ni ya NMO, ugonjwa unaopiga macho na uti wa mgongo na unaofanana sana na MS. Ukikuta kituo chako hakipimi, uliza kama sampuli inaweza kupelekwa kwingine, kwa sababu baadhi ya dawa za MS, interferoni kwa mfano, huweza kuizidisha NMO.

Ombi la MRI lisiishie kichwani kama dalili zako ni za miguu au mkojo. Uliza kuhusu shingo na mgongo. Vua pini za nywele. Fundi wa kuchomelea vyuma aseme, kwani chembe ya chuma jichoni ni hatari ndani ya ile sumaku. Ondoka na CD ya picha pamoja na ripoti.

Maswali ya wanachama

*Sista, CT scan yangu ilikuwa safi. Si nimepona hofu?* (Morogoro)
Hapana, dada. CT mara nyingi haioni madoa ya MS. Inasaidia kuona damu au uvimbe mkubwa.

*Mama anakataa nitolewe maji ya mgongo, anasema nitapooza.* (Tanga)
Mpe pole mama, hofu hiyo naisikia kila mara. Sindano huingia chini kiunoni, mahali ambapo uti wenyewe umeshakoma. Kinachosumbua wengi ni kichwa kuuma siku chache. Faida yake ni kubwa: kwa vigezo vya McDonald vya 2017, ambavyo madaktari huvitumia kuthibitisha MS, alama fulani za kingamwili kwenye maji hayo zinaweza kukuokoa kusubiri shambulio la pili ndipo ugonjwa uthibitishwe.

*Nikioga maji ya moto jicho linafifia, likipoa linarudi. Ni shambulio jipya?* (Dar)
Kwa kawaida joto huamsha dalili ya zamani kwa muda. Iandike, umwambie daktari. Ikipita siku nzima jicho halijarudi kuona kama kawaida, nenda hospitali.

*Mimi ni mvuvi, nina ganzi ya miguu. Nianzie MS?* (Ukerewe)
Kaka, taja ziwa kabla ya kitu kingine. Kichocho huweza kufika kwenye uti wa mgongo, na kina dawa.

*Dawa zenyewe zipo?* (Arusha)
Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza kladribini, glatirameri na rituksimabu kwenye orodha ya dawa muhimu kwa MS. Rituksimabu hutumika pia kwenye saratani, kwa hiyo ulizia hospitali zenye huduma hiyo. Kabla yake lazima upimwe homa ya ini B.

*MRI imeonyesha madoa meupe machache, daktari kasema tusubiri. Ananipuuza?* (Dodoma)
Si lazima. Presha, kipandauso na umri pia huleta madoa. Mahali yalipokaa ndiko kunakotofautisha. Mwombe akuandikie mambo mawili kabla hujatoka: MRI inarudiwa lini, na dalili gani zikurudishe kabla ya tarehe hiyo.