Kabla Kampuni Haijakupeleka Kujitolea Kwenye Theluji

Kama kampuni yenu imewaandikisha kusaidia michezo ya majira ya baridi ya Special Olympics, yaani mashindano ya watu wenye ulemavu wa akili, soma hapa kabla hujagombania fulana.

Soksi ziwe za sufu. Za pamba zikilowa zitakula vidole. Simu ikae mfuko wa ndani, maana baridi inamaliza chaji upesi. Paka mafuta ya jua, theluji inarudisha mwanga usoni. Ndiyo, hata sisi weusi. Glavu beba jozi mbili: nzito za kusimamia, nyepesi za kuwafungia washindani mikanda ya viatu vya theluji, yale mafremu mapana yanayofungwa chini ya buti ili mtu asizame. Ukijaribu kwa mikono mitupu utaniambia.

Washindani usiwaite "watoto". Kushindana kunaanza miaka 8 na juu hakuna kikomo, kwa hiyo unaweza kumfunga viatu mtu mwenye mvi nyingi kuliko baba yako. Zungumza naye mwenyewe, usimuulize kocha "anataka maji?" wakati mwenyewe yuko mbele yako.

Na usimshauri mtu ajipunguze kwenye mchujo ili abaki na nguvu. Mchujo ndio unaowapanga watu wenye uwezo unaokaribiana washindane pamoja. Akija kukimbia fainali kwa kasi inayoizidi mno ile ya mchujo anaweza kuondolewa, na kosa litakuwa lako.

Sasa lililonipata mimi. Mwaka wangu wa kwanza, Minnesota huko Marekani, nilipangiwa kuwatoa washindani hemani hadi mstari wa kuanzia, mbio za viatu vya theluji, mita 100. Bwana mmoja alicheka nilivyokuwa natetemeka huku nahangaika na mkanda wake. Nilipomaliza akauliza, "Utakuwepo kule mwisho?" Nikajibu, "Nitakuwepo," kama unavyomwambia mtu "tutaonana" mkipishana sokoni.

Dakika chache baadaye meneja akatuita: picha ya pamoja, fulana juu ya makoti, basi linaondoka saa nane. Nikaenda. Nikatabasamu. Basi lilipozunguka uwanja nikamwona dirishani, amesimama nyuma ya utepe, namba bado kifuani. Kila akipita mtu mwenye fulana ya bluu kama yetu, anamkagua uso. Mama mmoja wa waandalizi alikuwa anamvuta mkono taratibu kuelekea jukwaa la medali, naye hasogei. Niliomba dereva asimame. Akasema barabara ile haina pa kusimama.

Kwa hiyo, kabla hujatoka nyumbani, uliza basi linaondoka saa ngapi na mbio za mwisho ni saa ngapi. Vikigongana, nenda na gari lako au waambie mapema kwamba utabaki. Ukiwa zamu, usitoe ahadi za mdomoni. Sema, "Mimi naishia hapa, kule mwisho atakupokea yule mwenye kofia nyekundu," kisha mwonyeshe huyo mwenye kofia, amwone kwa macho yake.

Mengine ni ya kawaida. Usimkumbatie mtu hajataka. Usipige picha na kurusha mtandaoni bila ruhusa. Usigawe karanga wala pipi, huna habari nani anadhurika na nini. Kunywa chai kabla ya zamu, lakini isizidi, vyoo viko mbali. Na ngazi za kuingilia hemani huwa na barafu asubuhi, shika chuma.